Siku Mama Alipozima Injini

Harufu ya petroli iliyopata joto hainidanganyi. Wiki jana nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta hapa Lodwar, namngoja kijana wa bodaboda ajaze tangi, mara kikaingia kigari kibovu kimebeba matikiti maji. Dereva akafungua boneti kwa kitambaa, na ile harufu ikanifikia: petroli, vumbi, na utamu wa tikiti lililopasukia juani. Nikajikuta nimemshika yule kijana mkono kama ndugu yangu wa damu. Akanitazama. "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Uongo wa kawaida tu. Sote tunausema kila siku na hakuna anayetushtaki.

Mimi nililelewa na pikapu. Najua inasikika kama mzaha, lakini wenzangu waliolelewa na ngamia hawachekwi, basi na mimi msinicheke. Ilikuwa pikapu ya Kimarekani, ya zamani kuliko Baba, iliyoachwa Lodwar na padri mmoja mzee wa Kizungu aliporudi kwao kupumzika. Zamani ilikuwa ya samawati. Tulipoipata sisi jua lilikuwa limeshailamba rangi hadi kwenye chuma. Ilikuwa na taa mbili za mviringo, usukani mpana kama sinia la pilau, na kiti kimoja kirefu kilichotosha watu watatu na mbuzi. Usukani wenyewe ulikuwa kushoto, kama Wamarekani wanavyopenda, kwa hiyo aliyekaa kulia ndiye aliyeona barabara inayokuja. Aliyekaa kulia nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia pembeni mwa malori yaliyokuwa mbele yetu na kumwambia Mama, "Ngoja," au, "Pita." Nilikuwa na miaka kumi, na sijapata tena kupewa cheo kikubwa kama kile.

Baba alikuwa afisa wa mifugo, mtu wa faili na shati lililopigwa pasi. Uhamisho wa serikali ndio uliomleta Turkana, na Mama akamfuata na jembe lake. Nasema kweli, alikuja na jembe, limefungwa gunia, juu ya basi kutoka Kitale. Mama alizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya inaota, na hakuweza kulala akijua kuna udongo kando ya mto Turkwel umekaa bure. Akaomba kipande kwa wenyeji, akapewa, akaanza vita na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa huku kama mgeni na sasa ndiye mwenye nyumba. Baba alijaribu kuendesha ile pikapu mara moja. Ikampeleka moja kwa moja hadi ukutani mwa kanisa, ikasimama hapo kwa heshima. Tangu siku hiyo ikawa ya Mama.

Niwaambie ilivyokuwa ngumu ile gari. Mama alikuwa akifunga mnyororo kwenye bampa na kung'oa visiki vya mathenge ambavyo ng'ombe wanne wasingevitikisa. Ilibeba samadi ya mbuzi kutoka kwenye maboma, mapipa ya maji, nguzo za ua, wagonjwa wa watu wengine, na mara moja bibi harusi. Iliwahi kuteleza ikaingia kwenye mtaro wa kumwagilia, ikalala ubavu, ikainuliwa na wanaume waliokuwa wanacheka, ikawashwa, ikaendelea na kazi. Pampu ya shamba ilipokufa katikati ya kiangazi, Ekai aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akalivisha mkanda, na pikapu ikavuta maji ya mto kutwa nzima, imesimama pale pale inakimbia bila kwenda popote.

Huyo Ekai alikuwa Mturkana mwenye watoto wengi na maneno machache, aliyelima pamoja na Mama tangu jembe la kwanza. Ndiye aliyeipa pikapu jina: Emong', yaani maksai. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake mmoja anayempenda, humtungia wimbo na kuinua mikono kuonyesha pembe zake zilivyopinda. Ekai alimwimbia huyu wetu wa chuma pia. Alikuwa akiinua mikono yake sawasawa na vioo vya pembeni, kimoja kimepinda na kingine hakipo, na sisi tunacheka mpaka tunakaa chini.

"Mama Nafula," alimwambia Mama, "hii gari haina kufa. Itazika sisi yote."

Nafula ni mimi. Mama alicheka, akapiga boneti kofi kama mtu anayempiga jirani yake begani.

Kilema cha Emong' kilikuwa kimoja. Injini ikishapata moto, ukiizima haiwaki tena mpaka jua lipungue. Mafundi wa mjini walieleza kwamba petroli inachemkia kwenye mirija kabla haijafika kwenye kabureta, na kwa joto la Lodwar nani angewabishia? Basi sheria ya nyumbani ikawa hii: tukiwasha alfajiri kwenda Kakuma na mazao, haizimwi hadi tumerudi. Tulipakua ikinguruma. Tulikunywa chai ikinguruma. Mama alisali kabla ya kula, macho amefumba, mguu mmoja kwenye pedali ya petroli ili isizimike, na "Amina" yake ilibidi aipigie kelele. Hadi leo ndugu zangu wananiambia nasema kwa sauti ya juu. Nilijifunza kuongea nikishindana na injini.

Kakuma ndiko kulikokuwa na soko la matikiti yetu. Wakimbizi walikuwa wamejenga mji mzima pale, maduka ya Wasomali, saluni za Wakongo, makanisa ya kila aina, na kwenye kona moja ya soko alikaa Mama Nyandeng, mwanamke wa Sudan Kusini, mrefu hata akiwa ameketi. Yeye ndiye aliyepokea mzigo wetu na kuuza. Yeye na Mama walielewana kama watu waliozaliwa nyumba moja, ingawa Kiswahili cha mmoja kilikuwa cha Bungoma na cha mwenzake kilikuwa kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Walipeana salamu ndefu dirishani, Mama hashuki, injini inanguruma, mimi nasinzia kwenye harufu ya ngozi ya kiti na jasho.

Watu waliwasifu wote wawili kwa neno moja, mama na gari. "Chuma," walisema. Kanisani walisema, sokoni walisema, Baba mwenyewe alisema akiwa na wageni: "Huyu mke wangu na ile gari yake, wote ni chuma." Mama alipenda sifa hiyo, msinielewe vibaya. Alinyoosha mgongo kila aliposikia. Ila sifa nayo ina uzito wake. Ukishaitwa chuma mbele ya watu, utamwambia nani kwamba unaumwa?

Niwaambie mapema, msije mkangojea kingine: mwaka huo Mama alikufa. Nilipofika darasa la tano alikuwa na mimi, na nilipotoka darasa la tano hakuwapo.

Ishara zilikuwepo, na mtu mzima angeziona. Alianza kufunga leso kiunoni kwa kubana sana, akisema mgongo unamsumbua. Alipumzika katikati ya ngazi za kanisa, ngazi chache tu zile, akijifanya anamsalimia mtu. Usiku alilala ameegemea ukuta, hakutaka tena kulala chali. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akavitafuna kama karanga. Baba alipouliza alijibiwa, "Ni mgongo tu, baba Nafula, nani analima asiumwe mgongo?" Naye akarudi kwenye faili zake kwa sababu jibu lilikuwa na maana.

Mama Nyandeng hakukubali kirahisi hivyo. Safari moja aliingiza kichwa dirishani, akamshika Mama kidevu kama mtoto.

"Ya Mama Nafula, wewe taban. Uso yako iko kama jivu. Hospitali iko hapa tu, karibu. Ingia."

"Nitaingia safari ijayo, dada. Nikizima hapa nani ataniwashia?"

"Gari iwache ilale! Wewe je?"

"Na matikiti yaliyobaki shambani nitayaambia yangoje?"

Mama Nyandeng akatoa ule mlio wa ulimi wanaoutoa kwao wanapochoshwa na mtu. Tukaondoka. Tulipita lango la hospitali likiwa wazi, na wauguzi wawili wamekaa kivulini wanamenya machungwa. Nakumbuka niliona jibu la Mama ni la busara kabisa. Kila mtu nyumbani kwetu alijua kwamba injini ikizimwa mahali pabaya, siku imeharibika.

Safari iliyofuata ndiyo ya mwisho. Matikiti yalikuwa yameiva yote kwa pamoja, makubwa, na Mama alipitia mstari kwa mstari akiyagonga kwa kidole na kusikiliza. "Mvumilivu hula mbivu," aliniambia, kama alivyoniambia kila msimu nilipotaka kupasua moja kabla ya wakati. Ekai alipakia mpaka pikapu ikainama nyuma. Tukaondoka jua likichomoza, na mimi kwenye kiti changu cha kulia, tayari kwa malori.

Barabara wakati ule haikuwa ya lami kama hii mnayoipita sasa mkiwa na simu mikononi. Ilikuwa mashimo, mawe, na kila baada ya muda laga, yaani mto mkavu wa mchanga, ambako dereva hushika usukani kama anavyoshika ndama. Siku hiyo Mama hakuongea. Hakuna lori tulilolipita, na niliposema "Pita" hakupita. Tulipofika kwenye laga moja pana alishuka ndani polepole, akapanda upande wa pili, akaiingiza pikapu chini ya mgunga mkubwa. Akageuza ufunguo.

Sijui nitawaelezaje ukimya ule. Nilisikia upepo. Nilisikia kengele za mbuzi ambazo labda zilikuwa zikilia njia nzima miaka yote, ila sikuwahi kuzisikia. Nilimgeukia Mama kwa hofu.

"Mama, umezima!"

"Nimezima."

"Na sasa?"

"Sasa tunapumzika," akasema. "Kwani sisi si watu?"

Furaha iliyonipata! Ilikuwa kama kuambiwa kwamba Krismasi imeletwa mbele. Niliruka chini, nikatandika leso juu ya mchanga, na Mama akashuka kwa kujishikilia mlango, akakaa ameegemeza mgongo kwenye gurudumu. Hapo wakatokea wasichana wa mbuzi, watatu, shanga shingoni, fimbo mabegani, wakasimama mbali wakitutazama. "Ejok," nikawaambia. "Ejok noi," wakajibu, wakacheka Kiturkana changu. Mama akaniambia niteremshe tikiti. Nikauliza moja? Akasema niteremshe mengi kadiri ninavyotaka.

Mimi, binti wa mwanamke ambaye hakuwahi kutupa hata tikiti lililooza nusu! Nilibiringisha la kwanza, nikalipasulia kwenye bampa, likafunguka jekundu. Tukala mimi na wasichana mpaka maji yakatutiririka hadi viwikoni. Mbuzi wakagombania maganda. Msichana mmoja alivaa ganda kichwani kama kofia, na Mama akacheka, akashika ubavu, akacheka tena. Kipande chake alikuwa nacho mkononi muda wote. Baadaye nikaona ametoa, amempa mdogo kuliko wote.

Mchana wote ule alikuwa wangu. Mama ambaye siku zote alizungumza nami huku akipanda, akichota, akifunga, akiendesha, alikuwa ameketi na hana kingine mikononi. Aliniambia habari za kwao mlimani, ukungu unavyoingia ndani ya nyumba asubuhi bila kubisha hodi, na jinsi alivyokuwa akiiba mahindi mabichi ya bibi yake. Aliniambia nimfungulie leso kiunoni. Nilifungua, nikaona ilikuwa imeacha alama kwenye ngozi kama kamba inavyoacha kwenye shingo ya ndama. "Aa," akasema, "hapo sasa." Kisha akavua viatu, na miguu yake ilikuwa imevimba, laini, inang'aa kama maandazi yaliyoumuka. Niligusa. Kidole gumba changu kikazama, na nilipokiondoa kikaacha shimo.

Nikacheka. Nikabonyeza tena, pembeni ya lile la kwanza, nikapata shimo la pili, na la kwanza bado lipo. Nikatengeneza mstari wa mashimo, kama wa mbegu. "Mama, ona, napanda matikiti!" Akanitazama, akacheka pamoja nami. "Panda, mama," akasema. "Panda vizuri, acha nafasi."

Jua lilipopungua aliinuka kwa kushikilia bampa, nami nikimsukuma mgongoni kana kwamba ni mchezo mwingine. Emong' iliwaka mara ya kwanza tu, yenyewe haikuwa na shida yoyote. Akanitaka nisogee karibu nimvutie gia, maana ile gia ilikuwa kwenye shingo ya usukani na mkono wangu uliifikia, yeye atakanyaga klachi kwa miguu yote miwili na kuniambia, "Sasa." Hivyo ndivyo tulivyoingia Kakuma, mimi nikijiona dereva. Hatukwenda sokoni. Alikwenda hadi lango la hospitali, akageuza ufunguo kwa mara ya pili siku ile, akamwomba mlinzi amwite Mama Nyandeng aje anichukue.

Mama hakutoka tena mle. Moyo ulikuwa umechoka zamani, walimwambia Baba, na maji yalikuwa yamejaa mwilini. Angeletwa mapema kidogo labda. Lile "labda" Baba alilibeba hadi kichwa chake kikawa cheupe. Mama Nyandeng aliyauza matikiti yote, hakuonja hata moja, akanilaza kwenye kitanda chake katika nyumba yake ya udongo, akaniimbia nyimbo ambazo sikuelewa neno.

Tulimzika kwao, kwenye ukungu. Wakasimama mmoja mmoja kusema alikuwa chuma. Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Mficha maradhi kilio humuumbua." Nilitaka kumng'ata. Hakuficha kwa kiburi. Sisi ndio tuliokuwa tumemsifu hadi akakosa mlango wa kutokea.

Baba hakuitaka tena ile pikapu machoni pake, ikachukuliwa na mchuuzi wa samaki wa Kalokol. Nasikia bado inatembea. Mwaka juzi nilipishana nayo njiani, imejaa samaki wakavu, inanguruma vile vile. Wenzangu garini walishangaa: "Eh, hawa Wamarekani walikuwa wanajua kutengeneza!" Mimi niliichukia kwa moyo wangu wote. Chuma kikivunjika kinachomelewa, na hakuna anayekisifu kwa kuvumilia. Kwa nini ilibaki yenyewe?

Kisha mwaka huu Baba akaanza kuvimba miguu. Nilimpeleka kwa daktari hapa mjini, msichana mdogo kuliko mimi, mpole. Alimlaza, akapandisha suruali yake, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akahesabu kimoyomoyo, akakiondoa. Shimo likabaki. Hakucheka. Alilitazama hadi likaanza kujaa, akaita muuguzi atafute kitanda.

Nilitoka nje nikalia hadi watu barazani wakaanza kunipa pole ya msiba. Baba yuko vizuri sasa, anakunywa dawa zake na kulalamikia chakula kisicho na chumvi. Lakini alitaka kujua kilichonitoa machozi siku ile, nami nikamwambia habari za mgunga na yale mashimo. Alikuwa hajawahi kuzisikia. Miaka yote hiyo nilimsimulia tu kwamba tulikula matikiti.

"Alijua?" akaniuliza.

Nimelifikiri swali hilo kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa. Mtu hawezi kuutazama mwili wake ukibonyezwa na usirudi, akakosa kujua. Alijua alipozima injini kwamba mguu wake hauwezi tena kukanyaga klachi, na kwamba hadi jioni hatuna pa kwenda. Angeweza kulia. Angeweza kuniambia, nami ningekaa mchana kutwa chini ya mti ule nikimtazama mama yangu kwa woga, na hicho ndicho ningekuwa nacho leo. Badala yake alinipa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Watu wakiniuliza nilifurahi lini zaidi nikiwa mdogo, bado naitaja hiyo, maana kweli sina nyingine inayoifikia.

"Alijua, Baba," nikamjibu. "Mguu wa kulia ulipojaa mashimo, alininyooshea wa kushoto. Mimi sikuwa nimemwomba."